Duka Nililomwachia Msomaji

Ipo siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na wewe ndiye uliyeniamshia leo uliponionyesha kwenye simu mpango wako wa kusoma. Kitabu kimoja kila mwezi, mwaka mzima, na picha zako kwenye maduka madogo ya vitabu, umekumbatia rafu kama mtu aliyepata mchumba. Umependeza. Nimekusifu, si umesikia? Sasa kaa nikuambie kitu ambacho hutakipenda.

Mnanijua kama shosho, bibi mzee wa Riruta anayeshona sare za shule. Hamjui kwamba nilipokuwa na nguvu zangu, na meno yangu yote, nilikuwa na duka la vitabu hapa hapa Nairobi, mtaa wa Kibera, pale Kisumu Ndogo, kati ya mama wa omena, wale dagaa wa ziwani, na kanisa la mabati. Nilikuwa nimetoka Machakos na binti yangu mdogo, Mwende, na magunia ya vitabu vya mtumba. Kila Desemba wateja wangu wa kudumu walikuja kuchagua vitabu vya mwaka unaokuja. Mimi navifunga kwa kamba ya katani, naandika jina la mtu juu, naweka rafu ya nyuma. Mwisho wa mwezi akipata mshahara anakuja kununua kimoja. Mzigo huo tuliuita mwaka. "Mama Mwende, nifungie mwaka wangu," fundi wa viatu ananiambia, na msichana wa saluni naye yuko nyuma yake anasubiri zamu. Jumamosi tulibishana juu ya walichosoma mpaka mama wa omena anatugombeza kwamba tunamfukuzia wateja. Niliwapenda watu wale kupita kiasi.

Mbele yao wote alikuwa Mwalimu Wafula, mtu wa Magharibi, mpangaji wa nyumba ya jirani. Mpole, sauti ya chini, nguo zimepigwa pasi hata wakati wa matope. Alikuwa anasema duka langu ndilo jambo zuri pekee mtaani. Na mimi, kwa ujinga wa moyo mweupe, nilidhani anayependa vitabu vyangu ananipenda na mimi.

Uchaguzi ukaja, ule wa mwisho wa mwaka wa elfu mbili na saba. Matokeo yalipotangazwa moshi ukapanda siku hiyo hiyo. Jina lako lilitosha kutaja kabila lako na kukuponza. Sisi watu wa Ukambani tukaambiwa tuko upande wa walioiba kura, na mimi kura yenyewe sikupiga, kadi yangu ilikuwa Machakos. Nikambeba Mwende mgongoni nikimbilie kwa dada yangu Kawangware. Lakini kwanza nikapita kwa Mwalimu, nikamwachia ufunguo wangu wa pili.

"Nichungie duka, Mwalimu."

"Enda tu, Mama Mwende. Usiwe na wasiwasi."

Kawangware nako hakukuwa na amani. Kule waliokuwa wakifukuzwa ni watu wa akina Mwalimu. Nilikuwa nasikia vilio vyao usiku, namwombea yeye kwa jina.

Viongozi waliposhikana mikono na barabara zikafunguka, nilirudi. Kibanda cha nyuma ya duka langu kilikuwa majivu, lenyewe limesimama, kufuli iko mahali pake. Nililia pale mlangoni kwa furaha. Mama wa omena akanitazama tu bila kunisalimu. Nikafungua. Ndani hamkuwa na hata karatasi ya kuokota, na rafu zenyewe zimeng'olewa ukutani.

Mwizi gani anaiba, halafu anafunga mlango vizuri anapoondoka? Nikaenda kwa Mwalimu.

"Karibu, karibu! Kumbe mko salama? Ingia ndani."

Ukuta mmoja mzima wa chumba chake ulikuwa vitabu vyangu, kwenye rafu zangu, vimepangwa kuliko nilivyojua kupanga mimi. Vingine alikuwa amevivalisha plastiki visichafuke. Miaka ya wateja wengine ilikuwa imefunguliwa na kuchanganywa na wake.

"Niliviokoa," akasema. "Vijana walikuwa wanakuja na petroli. Zingine nimepatia wale wenzetu wa Jumamosi, wanaziweka vizuri."

Nikamshukuru. Ndiyo, mwanangu, nilimshukuru, na kila nikikumbuka shukrani ile natamani kuitapika. Nikavua leso, nikaitandaza chini, nikaanza kuvishusha. Akaniwekea mkono juu ya kitabu.

"Pole pole, mama. Utazipeleka wapi? Biashara hapa imeisha. Watu bado wako na hasira na nyinyi. Wakikuona na mzigo, mimi sitaweza kukusaidia."

Nyinyi. Miaka yote ile nilikuwa Mama Mwende.

"Sasa mimi nitauza nini, Mwalimu?"

"Pole sana. Lakini ukitaka ya kusoma, wewe kuja tu. Nitakuazima."

Alisema kwa upole wake ule ule. Nikakunja leso tupu, nikarudi Kawangware kwa miguu, na duka la vitabu sikufungua tena. Baadaye fundi wa viatu alinipitishia habari kwamba Mwalimu alimaliza mpango wake wa mwaka mapema, akaongeza mwingine. Wale wa Jumamosi nao hawakuwahi kusoma kama walivyosoma mwaka ule. Usinitazame hivyo. Sijamsamehe, na sitakudanganya kwamba najaribu.

Kwa hiyo usije ukaniambia kwamba kusoma kunamfanya mtu kuwa mwema. Kunampa maneno mengi, na mwovu naye anayahitaji. Wewe soma, maliza mpango wako, sikukatazi. Ila unaposema unalipenda duka fulani, mwenyewe anaitwa nani? Anaishi wapi? Kura zitarudi, na hasira zake. Siku watu watakapomjia, uwe umesimama mlangoni kwake, usiwe ndani unachagua. Na akikuachia mali yake, mrudishie yote, hata kama umefika katikati ya hadithi.

Haya, sogea nikubariki. Mungu akupe macho mazima mpaka uzeeni, aijaze nyumba yako vitabu, na asikuonjeshe utamu wa hata ukurasa mmoja ambao mwenyewe anaulilia.