Kiti cha Ndugu wa Mfanyakazi

Sisi wahudumu wa ndege tulimwita mhudumu mkuu wetu Bi Kijani, na wala si kwa sababu ya nguo. Kabla ya kila safari aliinama kwenye kila mlango, akachungulia kipimo cha upepo wa ule mpira wa kutelezea, unaofura wakati wa hatari ili abiria washukie. Sindano ikiwa kwenye kijani, mpira ni mzima. "Iko kijani?" alituuliza. Ukijibu "nadhani", umekwisha. Mimi alishanirudisha mlango wa nyuma mara kadhaa, nami nikarudi huku nikimlaani kimoyomoyo.

Kwao alikuwa mtoto wa kwanza. Baba yao alifariki mapema, na mdogo wake wa kiume, kitinda mimba, alikulia mgongoni mwake. Hata alipokuwa jitu zima lenye ndevu, dada yake alikuwa akimfunga vifungo vya shati mbele za watu.

Siku ninayoisimulia, mama yao alikuwa mahututi hospitalini, katika mji tuliokuwa tukielekea. Daktari alishasema watoto wawahi. Bi Kijani akaomba apangiwe safari ile, na mdogo wake akaja kwa tiketi ya ndugu wa mfanyakazi. Tiketi hiyo ni nafuu, lakini mwenyewe hupanda kama kiti kimebaki. Siku hiyo kilibaki kimoja. Tulifurahi kama tumekijenga sisi.

Asubuhi ile sindano ya mlango wa nyuma ilikuwa imeshuka kidogo. Fundi akaja, akajaza upepo, ikapanda. Abiria wakaingia, wakabanana na mizigo yao. Mtu mwingine angefunga milango tukaondoka zetu. Bi Kijani akaenda kuinama tena. Nilimwona anachelewa kuinuka.

"Imeshuka," alisema.

Fundi alirudi, akasikiliza, akapapasa, akatikisa kichwa. "Mpira unavuja. Na mpira mwingine hapa hatuna. Hii kazi nitaiahirisha."

Kuahirisha ndiyo kazi yetu nusu. Kitabu cha kanuni kinaruhusu kuruka na baadhi ya ubovu, mradi ufuate masharti, matengenezo yafanyike baadaye. Masharti ya mlango ni haya: upigwe tepu nyekundu, usitumike, viti vya karibu vibaki vitupu, na abiria wapungue. Kapteni akakubali, akatia saini. Karani wa kaunta akaingia kutuambia akina nani washuke. Wa kwanza, kama kawaida, ni ndugu wa mfanyakazi.

Bi Kijani alikwenda mpaka mlango wa marubani. "Kapteni, nishuke mimi. Yeye akae."

Mgala muue na haki yake mpe: kapteni yule alitamani kusaidia. Alivua miwani, akaivaa tena. "Dada yangu, wewe ukishuka wahudumu hawatoshi, hatuondoki kabisa. Na kiti chako si cha abiria. Mikono yangu imefungwa."

Mimi nikapandwa na hasira. Nikashika kipaza sauti bila kuomba ruhusa, nikawaeleza abiria kwamba kuna kijana anamwahi mama yake. Mzee mmoja wa safu ya kati akasimama na mfuko wake. "Mimi naenda kutembea tu. Akae yeye." Nusura nimkumbatie.

Karani akanivuta pembeni. "Kiti kikipatikana kinarudi kwa aliyelipa nauli kamili. Wapo walioshushwa. Ndugu yenu ni wa mwisho."

Nilimtolea maneno ambayo mama yangu hajui kama ninayajua. Hakukasirika. "Dada, hata mimi nina mama," akasema, na hapo ndipo niliposhindwa kabisa, maana sikuwa na wa kumchukia.

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Bi Kijani akaenda mwenyewe kumwambia mdogo wake. "Shuka, mdogo wangu. Utapata ya jioni."

"Si ungenyamaza tu, dada?" alisema kijana. "Hiyo sindano nani angeiona?"

Bi Kijani alimtolea begi juu, akampa. Kijana akateremka ngazi bila kugeuka.

Njiani Bi Kijani aligawa chai na kutabasamu kama alivyofundishwa. Tulipotua alisimama mlangoni akiwaaga abiria mmoja mmoja mpaka wa mwisho, kwani mhudumu mkuu hashuki kabla yao. Kisha tukakimbia hospitali, yeye na mimi, na sare zetu.

Mama alikuwa macho, mwepesi kitandani kama mtoto. Alimtazama binti yake, kisha akatazama nyuma yetu.

"Mwenzio yuko wapi?"

"Yuko njiani, mama. Ndege ilijaa."

"Ilijaa?" Mama yule siku zote aliwaambia majirani kwamba mkubwa wa ndege ni bintiye, rubani ni dereva tu. Alicheka kidogo kwa tabu. "Na wewe upo? Mpe kiti mdogo wako, mwanangu."

"Nitampa, mama."

"Basi ngoja nimsubiri."

Alijitahidi kusubiri, hilo nitalisema popote. Kila mlango ulipolia alifumbua macho. Alasiri hakuyafumbua tena, na muuguzi akaja taratibu kuvuta shuka.

Simu ya Bi Kijani ikaita. Sauti ya mdogo wake ilisikika mpaka nilipokaa. "Dada! Nimepata kiti! Nisamehe kwa yale ya asubuhi. Niko kwenye foleni, ndio tunapanda. Mwambie mama asilale, nakuja!"

Bi Kijani alimtazama mama yake.

"Panda, mdogo wangu," alisema. "Wewe panda tu."