Siku Niliyompigia Mama Filimbi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nimejaribu kuisahau tangu ujana wangu na bado haijanitoka. Nilikuwa sijapanga kukusimulia. Wewe ndiye uliyeichokoza.

Umekuja jana kutoka chuoni Moshi, ukanikuta napalilia kahawa, ukanipa shikamoo yako, na kabla hata hujatua begi ukaniuliza, "Babu, hivi Afrika itaungana lini?" Ukasema mmetakiwa kulijibu swali hilo mbele ya wenzenu, na kila mmoja ana lake: huyu anataka sarafu moja, yule jeshi moja, mwingine bunge moja. Nikakuambia nitakujibu kesho. Ulidhani nataka muda wa kufikiri. Nilikuwa naona haya, maana jibu langu ni kosa ambalo hata baba yako sijawahi kumweleza. Basi kaa hapo unisikilize, na simu hiyo iweke mfukoni.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kwetu ni hapahapa Tarakea, na kutoka kihamba chetu, shamba hili la ukoo, hadi Kenya ni mwendo wa kumaliza kusimulia kisa kimoja, tena kifupi. Wakati ule mpaka tuliujua kwa jina tu. Zilikuwepo bikoni, zile nguzo za saruji za serikali, lakini mbuzi walijikunia migongo hapo na kina mama walizifanya mahali pa kutua mizigo. Soko likiwa huku, watu wa kule walikuja. Likiwa kule Loitokitok, sisi tulikwenda. Nchi tatu zilikuwa na Jumuiya moja, reli moja, posta moja. Shuleni tuliimba umoja ni nguvu mpaka makoo yakakauka. Nakuambia ukweli, sikujua nilichokuwa nakiimba mpaka kilipoondoka.

Dada yangu Apolonia alikuwa ameolewa upande ule. Mumewe ni Mrombo kama sisi, ila baba yake alihamia kule zamani kulima mahindi na maharage. Apolonia ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, na ndiye aliyenifundisha kuhesabu kwa punje za mahindi, nikikosea ananilia punje moja. Alipoolewa nililia kuliko mama. Wenzangu walinicheka mwaka mzima.

Kisha wakubwa wakagombana. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi zenyewe ndizo sisi wa mpakani. Jumuiya ikavunjika, mpaka ukafungwa. Wakatafutwa vijana wa kulinda njia za panya, na mimi nikawa wa kwanza kunyoosha mkono. Nikapewa sare ya mgambo, rungu na filimbi. Rungu sikulijali sana, lakini filimbi ile, mwanangu, niliipenda kama mtoto wa kuzaa. Siku ya kwanza nilipita sokoni mara tatu bila kununua hata chumvi, ili tu nionekane.

Sasa unajua desturi yetu ya mzazi. Mwanamke wa Kichagga akijifungua hashiki jembe wala hachoti maji. Anakaa ndani miezi mitatu, anapikiwa mtori wa ndizi na nyama, anapewa maziwa, anahudumiwa na mwanamke mtu mzima anayejua uzazi. Mama mkwe wa Apolonia alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa ya mama yetu. Mpaka ukiwa umefungwa miezi michache, habari ikavuka kwa mpita njia: Apolonia amejifungua mtoto wa kike, wa pili. Na binti wa pili kwetu huchukua jina la bibi mzaa mama. Mama yangu aliitwa Manka. Basi kule ng'ambo alikuwa amezaliwa Manka mwingine, na mama siku hiyo alicheka peke yake jikoni kama msichana.

Kesho yake asubuhi nilikuwa zamu na mwenzangu mmoja kwenye njia ya korongoni. Nikamwona mama anateremka. Kichwani ana mkungu wa ndizi mshare, zile za mtori, mkononi kibuyu cha maziwa mgando, na siagi ameifunga kwenye jani la mgomba. Mwenzangu akageuka kutazama miti. Alikuwa ananipa nafasi ya kutoona. Kijana yule hakuwa na elimu kunizidi, lakini akili alikuwa nayo.

Mimi nikapuliza filimbi. Nilimpigia filimbi mama yangu mzazi.

Akasimama. "Kalisti, unanizuia mimi?"

"Mama, sheria ni sheria. Hakuna kupita, na bidhaa hairuhusiwi."

"Bidhaa? Huu ni mtori wa dada yako." Akanitazama juu mpaka chini, sare na filimbi yake. "Haya baba. Hiyo sheria imezaliwa lini? Maana wewe nilikuzaa kabla yake."

Nikakasirika. Nikamtua ule mkungu kichwani nikaupeleka ofisini kama mali ya magendo. Kiongozi wetu akanisifu mbele ya watu, akasema, "Kijana huyu hajui ndugu." Nikafurahi. Fikiria, mwanangu, mtu anaambiwa hajui ndugu, naye anatabasamu. Zile ndizi zikaivia stoo mpaka zikajaa nzi, na hakuna aliyezila.

Mama hakunigombeza. Jioni aliniwekea chakula kama kawaida, akatoka nje. Angenipiga ningepona mapema.

Aliyenisema ni baba mkubwa, kaka yake baba yangu, mzee Ndesario. Alikuwa mtu wa maneno machache na mbege nyingi, ile pombe yetu ya ndizi, ila siku ile hata mbege hakunikaribisha. Baada ya misa ya Jumapili alinishika mkono akanipeleka pembeni ya kihamba, pale kinapopakana na cha jirani.

"Huu ni mti gani?"

"Isale, baba mkubwa."

"Kazi yake?"

"Kuonyesha mpaka."

"Na nyingine?"

Hiyo pia niliijua. Wewe umekulia mjini, labda hujaiona ikifanyika. Kwetu mtu akimkosea mwenziwe, hukata jani la isale, akalifunga fundo, akampelekea. Na aliyepelekewa isale hawezi kukataa kusamehe, hata kama umemuulia ndugu.

"Wazee hawakuwa wajinga," baba mkubwa akasema. "Walijua palipo na mpaka hapakosi ugomvi. Ndiyo maana hapohapo wakapanda cha kuombea radhi, mtu asiende kukitafuta mbali. Wewe umekwenda kusimama mpakani na rungu tu. Kata jani, lifunge, umpelekee dada yako. Leo."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilikata jani, nikalifunga fundo, nikalipeleka nyumbani nikalichomeka juu ya mlango wa chumba changu. Nikajiambia, mimi ni mgambo, nitavukaje? Watu watasemaje? Wacha mpaka ufunguliwe, nitakwenda kwa heshima, mchana kweupe. Na njia za panya zote nilizijua, maana ndiyo kazi niliyopewa, kuzijua. Ningeweza kwenda na kurudi kabla ng'ombe hawajakamuliwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, mwanangu, nami nilingoja huku nikijiona mwenye busara.

Kumbe Manka mdogo alikuwa anakua. Salamu zilipita kwa wapita njia, lakini mtoto hapiti kwa salamu. Mama hakujaribu tena kuvuka. Jumapili alikuwa akishuka mpaka korongoni, anasimama kidogo, anarudi. Mwaka wa tatu kifua kikamshika. Siku zake za mwisho mimi ndiye niliyekuwa nikimnywesha uji, na mchana mmoja aliniuliza, "Manka mdogo ameshaota meno?"

Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Alikuwa anakimbia. Lakini kwa mama alikuwa bado ni yule mchanga wa siku nilipopiga filimbi, kwa sababu hakuwahi kumwona akikua. Nikamwambia, "Ameota, mama." Akasema, "Ashukuriwe Mungu," akalala. Tulimzika juma lile. Apolonia alipata habari kaburi limekwisha kuota majani.

Mpaka ulipofunguliwa, miaka kama sita tangu ufungwe, nilivuka juma lilelile. Jani la zamani lilikuwa limekauka, nikakata jingine. Nilimkuta dada shambani anapalilia maharage, na msichana wa kama miaka sita pembeni yake. Apolonia akalipokea isale kwa mikono miwili, kama desturi inavyotaka. Halafu akaniambia maneno ambayo nitazikwa nayo.

"Aliyenilea uzazi ule ni mama wa Kimaasai, jirani yangu pale ng'ambo ya barabara. Miezi mitatu aliniletea maziwa kila asubuhi. Lugha hatukuelewana, tulikuwa tunachekeana tu. Nimekusamehe, Kalisti, isale haikataliwi. Lakini mama hakumshika mtoto huyu."

Na mtoto akamvuta kanga, akauliza, "Mama, huyu ni nani?"

Mimi, mjomba wake.

Nilirudi hapa nikarudisha ile sare, ingawa wakati huo hakuna aliyekuwa anaijali tena. Majuto ni mjukuu, na mimi ninao wajukuu wa aina zote mbili.

Sasa nikujibu swali lako. Wakubwa wamekwisha kuirudisha Jumuiya, tena kubwa kuliko ile, na mikataba imewekwa mingi, nami siidharau. Nimeishi bila mikataba, najua ubaridi wake. Lakini hebu angalia. Leo mahindi yanazuiwa huku, kesho maziwa yanazuiwa kule. Malori yanapanga foleni mpakani Holili, na nyanya hazijui kusubiri. Kahawa yetu inakwenda mbali ikiwa mbichi, inaturudia kwenye makopo, na huyo jirani wa upande wa pili hajawahi kuionja. Mwafrika akitaka kwenda kwa Mwafrika mwenziwe anahojiwa kama mwizi. Kila nikiona hivyo nasikia ile filimbi. Natamani, mwanangu, natamani mpaka kifua kinauma, niione siku moja mama mwenye mkungu wake kichwani akipita mahali popote katika bara hili, na kijana mwenye sare akimsaidia kubeba. Umri wangu unaniambia sitaiona.

Utaniambia, babu, bara si kihamba. Kweli. Lakini fikiria mifereji ya mlima huu. Maji yanatoka juu msituni, yanapita kwa koo nyingi, na koo hizo wala hazikuwa zinapendana. Zilipatana zamu. Siku ya kusafisha mfereji kila mtu alikuja na jembe lake, wa juu na wa chini, na asiyekuja alitozwa. Aliyekuwa juu aliyaacha maji yapite hata shamba lake likiwa na kiu, kwa sababu zamu si yake. Hapo ndipo pagumu kwenu. Kila nchi inataka umoja, na kila nchi inataka kukaa juu ya mfereji. Hapatakuwa na umoja mpaka kila mmoja akubali kuacha kitu anachokipenda kipite kwenda kwa mwenziwe, akiamini kwamba zamu yake itafika.

Kwa hiyo nakuusia hivi. Anzeni na chakula, kwa maana watu wanaolishana huona aibu kupigana. Mpatane zamu na faini kabla ya kupatana bendera na nyimbo. Popote mtakapolazimika kuweka mpaka, wekeni hapohapo mahali pa kusuluhishana, karibu, ambapo hata bibi asiyejua kusoma atafika kwa miguu. Jifunze lugha moja ya jirani, hata kama ni ya salamu tu. Ukipewa cheo, kumbuka ni dhamana, na ukisikia unasifiwa kwamba hujui ndugu, ogopa. Na lililo ndani ya uwezo wako lifanye siku hiyohiyo, wakubwa wawe wameafikiana au wanagombana. Wenzako wakikuuliza umoja utakuja lini, waambie babu yako alisubiri miaka sita, na mama yake alikuwa amebakiwa na mitatu.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe kauli inayosikilizwa na miguu isiyoogopa njia. Akujalie jirani wa kukuletea maziwa siku utakayokosa mtu wa kwenu. Na siku watakapokuvalisha sare yoyote ile, akujalie kumtambua mama yako.