Siku Mbwa Alipokimbia na Kamera ya Tumbo

Hii aibu nilitaka kwenda nayo kaburini, lakini kwa vile dada yangu ameshaisimulia harusini na hata matangani, wacha niiseme mwenyewe kabla hajaongeza chumvi.

Mimi ni fundi wa mashine za hospitali hapa Kitengela. Tulikuwa tumeazimwa paipu mpya ya kamera, ile mgonjwa anameza ili daktari aone koo na tumbo, na ndani yake kumepita uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Mwanga ukipita humo, kompyuta inajua paipu imejikunja wapi, inaichora kwenye skrini kama nyoka wa kijani, na daktari hapotei njia. Daktari Halima akasema twende tukawaonyeshe watu Kajiado, uwanjani, kwa sababu wanaogopa kumeza paipu kuliko wanavyoogopa ugonjwa (mfano ni koko, nyanya yangu, chakula kilikuwa kinamkwama kooni miezi na miezi na akasema heri afe na koo lake).

Daktari alibeba tumbo la plastiki la kufanyia maonyesho. Mimi nikaona huo ni mchezo wa watoto, nikapitia kwa buchari nikanunua utumbo wa ng'ombe, mbichi, mrefu, ili watu waone kitu halisi.

Mwanzoni mambo yalikuwa matamu. Nikaingiza paipu, nyoka wa kijani akajikunja, watu wakasema "Eeeh!", koko yuko mbele kabisa na shanga zake, mimi kifua mbele nikageukia skrini kuwaonyesha kona ya kwanza. Mbwa sikumwona.

Aliushika utumbo na paipu ikiwa ndani akatoka mbio, na kwa vile paipu imeungwa kwa mashine na mashine iko na magurudumu, mashine ikamfuata, nami nikaifuata mashine na glavu zangu na aproni ya plastiki, na skrini (betri ilikuwa imejaa, bahati gani hiyo!) ikaendelea kuchora kila kitu. Watu nyuma wanatangaza kama mpira: "Imekunja kushoto!" "Sasa imenyooka!" Nikateleza kwa ute wa utumbo, nikaanguka kifudifudi mbele ya chifu, nikasikia sauti ya koko, "Naserian, amka! Mbwa anakuacha!"

Mashine ilinaswa na kamba ya hema, utumbo ukachomoka, mbwa akaenda na wake. Nikabaki nimekaa vumbini nikiogopa hata kuigusa paipu, maana ule uzi ni kioo, na paipu si yetu. Daktari Halima akafika, akaishika, akaikunja polepole. Nyoka wa kijani akajikunja. Akaikunja upande mwingine. Nyoka akafuata! Daktari akacheka mpaka akaketi vumbini kando yangu, akijifuta machozi kwa mtandio.

Koko naye akaja, akakagua alama za meno.

"Kwa hivyo hii kitu inajua mahali iko hata kwa mdomo wa mbwa?"

"Inajua, koko."

"Basi kwa koo yangu haiwezi kupotea. Nitameza." Akainua kidole. "Lakini si hii. Nitafutieni yenye mbwa hajaonja."

Na akameza kweli, Kitengela, bila kelele. Wakakuta koo limebana, wakalipanua, na siku hizi kwa nyama choma ananishinda.

Mimi nimekoma. Kabla sijawasha mashine yoyote nje ya hospitali, nauliza kwanza kwa sauti kubwa: huyu mbwa ni wa nani?