Sala Ndefu Kuliko Zote

Sijawahi kufumba macho yote mawili wakati wa sala, na wa kulaumiwa ni kaka zangu. Nyumbani kwetu Matombo, huko milimani, baba alikuwa akibariki chakula mpaka ugali unapoa. Ukifumba macho kwa uchaji, ukija kuyafumbua unakuta nyama yako imeshahamia kwa jirani. Nikakua hivyo, jicho moja kwa Mungu, jingine kwa sahani.

Sasa nafundisha chuo kikuu cha Kikristo hapa Morogoro mjini, ambako mtihani hauanzi bila sala. Siku ninayoisema nilikuwa msimamizi, na mchungaji wa chuo ndiye aliyetuombea. Kwa kawaida sala yake ni fupi, huanzia kwa Adamu na kuishia kwa Nuhu. Siku hiyo alifika kwa Nuhu, nikajua amina inakuja, mara akarudi kwa Adamu na kuanza upya.

Hapo ndipo nilipomwona kijana mmoja wa mwaka wa mwisho, mtoto wa Mwembesongo, hapahapa mjini. Alikuwa ameinama kama mtakatifu, anasoma kikaratasi mapajani. Amina ilipotoka aliinua kichwa, macho yetu yakagongana, akakiachia. Nilipofika, kikaratasi kilikuwa sakafuni kati ya madawati mawili, hakina mwenyewe.

Iliniuma sana. Nilikuwa nampenda yule kijana, maana darasani yeye ndiye aliyeuliza maswali wenzake wakisinzia. Akipatikana na hatia atakula disko, yaani afukuzwe chuo, na mama yake amemsomesha kwa kuuza mchicha. Lakini nilichokiona nilikuwa nimekiona, nikampeleka kwenye kamati ya nidhamu.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mchungaji yuleyule. Akaniuliza nilimwona saa ngapi. Nikajibu, wakati wa sala. Kijana akawaamkia wazee wote shikamoo, kisha akaomba kuuliza swali moja tu.

"Mwalimu aliniona vipi, na yeye alikuwa anasali?"

Wajumbe wakanigeukia. Nikawaeleza habari za kaka zangu na nyama, na hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa kitengo cha taaluma akataka kujua tangu lini siombi. Ndani ya dakika chache mshtakiwa nimekuwa mimi, na kijana amekaa vizuri kitini anasikiliza kesi yangu. Nilikasirika, halafu nikaona aibu, maana ushahidi wote ulikuwa ni jicho langu hilo moja.

Mchungaji akakohoa. Akasema mwalimu aachwe, kwa sababu hata yeye alimwona.

"Nilikuwa nimefika kwa Nuhu," alisema taratibu, akimtazama kijana. "Nikairefusha sala, mwanangu, ili upate nafasi ya kukirudisha kikaratasi mfukoni."

Machozi yakamlenga kijana. Mimi nilishaanza kutafuta neno la kumtetea.

Mwishowe akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kujitetea, "Nisamehe, baba mchungaji. Mimi nilidhani Mungu ananiongezea muda wa kukimaliza."

Yule mama wa taaluma ndiye aliyeanza kucheka. Kamati ilipopata pumzi iliandika kwamba amekiri mwenyewe, kwa hiyo hafukuzwi, atarudia mwaka. Mchungaji peke yake hakucheka. Alimwita kijana pembeni, akamuuliza kwa huzuni ya kweli kama katika maombi yote yale hakusikia hata neno moja.