Mkono Uliogoma Kuachia

Mama mmoja alisuka nywele za watu miaka mingi mpaka magoti yakachoka kusimama, ndipo maabara moja ikamwajiri kusokota nailoni. Nyumbani walimcheka. Mtu mzima analipwa kusokota uzi wa kuvulia samaki? Lakini uzi ule, ukisokotwa hadi ujikunje vipete vipete, kisha ukazungushiwa waya mwembamba wenye umeme wa betri, hupata joto ukajivuta kama msuli. Ukipoa, hulegea. Maabara ilikuwa ikishona glavu zenye misuli hiyo kwa ajili ya watu ambao vidole vyao vimeishiwa nguvu.

Na yeye mtu wa namna hiyo alikuwa naye nyumbani. Mumewe, dereva mstaafu, alipatwa na kiharusi kikamlegeza mkono wa kulia, na pamoja na nguvu za mkono kikaondoka na maneno yake ya uchokozi. Bwana yule, aliyekuwa hawezi kupita mlangoni bila kumchokoza mtu, sasa alishinda akitazama ukuta, mpole kama mgeni. Majirani walimpongeza mke kwa kupata mume mtulivu. Yeye utulivu huo aliuchukia. Alimtaka mkorofi wake arudi.

Basi akatengeneza glavu. Ruhusa aliomba, ila aliiomba wakati mkuu wa maabara yuko kwenye simu, akiitikia kwa kichwa maneno ya mtu mwingine. Kichwa kimeitikia, yatosha.

Kosa lake lilikuwa la msusi. Alivyoukumbuka ule mkono mpana wa mumewe, akachagua uzi mnene, kama alivyozoea kukadiria rasta kwa ukubwa wa kichwa. Akasahau kabisa kwamba uzi mnene huchelewa kupoa.

Jumamosi akamvika mzee glavu, akamkokota hadi kibarazani kwa muuza nyama, mpinzani wake wa drafti. Mzee alinung'unika njia nzima. Ilipofika zamu yake akabonyeza swichi ya glavu. Vidole vikajikunja taratibu, vikakamata kete yake, kifuniko cha soda, akakisogeza. Watu wakasogea kutazama. Halafu vidole vikagoma kuachia.

"Achia basi tucheze," muuza nyama akasema.

"Mimi nimeshaachia. Uambie mkono."

"Mpaka upoe," mke akasema, aibu imemshika. "Tuupulizie."

Wakainama wote, muuza nyama mbele, mashavu yamejaa, wakaipuliza glavu kama watu wanaowasha jiko la mkaa. Mke naye akapuliza. Ni yeye peke yake aliyeinua macho, akauona mkono wa kushoto wa mumewe ukitembea polepole juu ya ubao, ukazoa vifuniko viwili vya mwenzake na kuvitia mfukoni. Mzee mwenyewe uso mkavu.

Vidole vikalegea. Muuza nyama akatazama ubao, akatazama tena.

"Huyu kaniibia."

"Kwa mkono huu?" Mzee akainua glavu. "Huu hata kuachia hauwezi, utaiba?"

Muuza nyama akamgeukia mke. Kila mtu pale alijua kwamba katika ndoa yao yote mama huyu hajawahi kumfichia mumewe wizi. Mara ngapi amemuumbua hadharani.

"Shemeji, wewe ndiye mkweli wa nyumba ile. Umeona nini?"

Mke akamtazama mkorofi wake, furaha imemjaa.

"Mimi? Mimi nilikuwa napuliza."