Kwenda Kasomeno Kutafuta "Bonne Fin"

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza tena. Nilianza kwa kubeba matofali kichwani pale Kampemba, shule niliiachia darasa la nne, na leo ukiuliza Kasungami nani alisimamisha nyumba zao, watakuambia: Papa Nivo. Jina nilipewa kwa sababu ukuta wangu ukiuwekea nivo, ile pimamaji ya fundi, kile kiputo cha hewa kinalala katikati kama mtoto aliyeshiba. Basi niliposikia kwamba wanatafuta mjenzi wa madarasa matatu Kampemba, nilijua kazi ni yangu.

Ilibaki dosye tu, yaani karatasi za maombi. Cheti cha biashara ninacho, namba ya kodi ninayo, kibali cha ujenzi kiko ndani ya plastiki. Mama wa bilo, ofisi inayopokea maombi, akapekua, akaniangalia juu ya miwani.

"Papa, inakosa attestation de bonne fin. Mutu ulimujengea aandike asema kazi ulimaliza muzuri. Ijumaa midi, saa sita, tunafunga."

"Mutu moja tu? Niko nabo mingi!"

"Moja anatosha. Lakini awe na kashe."

Hapo ndipo wengi walipoanguka. Watu wa Kasungami wana nyumba nzuri, muhuri hawana. Mwenye muhuri ni Mama Ngalula, Mkasai aliyezaliwa hukuhuku Katanga, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuuza mahindi. Depo lake la Kasomeno nililijenga mimi. Ili nisimsumbue, niliiandika ile karatasi mwenyewe, kwa herufi kubwa, kama nilivyoisikia. Yeye atie sahihi na muhuri tu.

Alhamisi alfajiri nikatoka Lubumbashi na Toyota yangu, niliyoinunua kwa jasho langu. Baada ya nyumba za mwisho, wauza makaa walikuwa wanasukuma baiskeli zao kuingia mjini, magunia yamewapita urefu. Kwenye kizuizi cha peaje, kijana wa kamba akachungulia.

"Patron, unabeba nini?"

"Nabeba sifa yangu."

"Sifa inapita bule. Gari njo inalipa."

Nikalipa nikicheka.

Kasomeno nilifika jua likiwa kichwani. Mama Ngalula alikuwa mbele ya depo, anapima mahindi.

"Papa Nivo! Tumbo inakuwa kubwa, sasa uko patron kabisa!"

Nikampa karatasi. Akavaa miwani, akasoma, mdomo ukaanza kumtetemeka. Kisha akawaita wauzaji wote wa pale.

"Bamama, kuyeni musikie! Papa Nivo ananiletea attestation de bonne faim!"

Wanawake wakaangua kicheko. Mimi nikasimama kama nguzo mpaka aliponionyesha kwa kidole. Kwa Kifaransa fin ni mwisho, faim ni njaa. Mdomoni ni sauti moja, kwenye karatasi kila moja na herufi zake. Na mimi nilikuwa nimeandika njaa, kubwa, katikati ya ukurasa.

"Mimi nauzisha mahindi, na weye unataka niweke kashe yangu chini ya njala muzuri? Bakiliya, banunuzi bangu, batakimbia yote!"

"Basi Mama, uandike weye, mwalimu. Kesho midi banafunga, kazi itanipita."

"Nitaandika. Lakini bonne fin ni kusema kazi iliisha. Fungua ule mulango."

Nikauvuta mlango wa chuma. Ukakwaruza sakafu, ukagoma nusu ya njia.

"Kila asubuhi bantu babili bananyanyua. Njo mwisho muzuri hiyo?"

"Mama, ni udongo ulishuka."

"Udongo haukusaini kontra."

Nikavua shati. Nilimtafuta mchomeleaji mwenye jenereta, tukakata bawaba za zamani, tukatia mpya, nikachonga sakafu mimi mwenyewe kwa patasi, wale wanawake wakiniuliza kama nimeshikwa na bonne faim. Jua lilipokuwa linashuka, Mama Ngalula akausukuma mlango kwa kidole kimoja. Ukaenda. Akaurudisha, akausukuma tena. Ndipo akaandika, akapiga muhuri, akanipa bukari, ugali wetu, na samaki wa Luapula, maana njaa, kweli, nilikuwa nayo.

Ijumaa nilirudi Lubumbashi kwa mwendo ambao sitausema. Pale bilo mama wa miwani alikuwa anafunga droo. Akasoma, akasimama kwenye mstari wa mwisho.

"Hapa anaandika: mulango pia. Mulango gani, Papa?"

"Piga kashe kwanza, nitakuelezea."

Akapiga. Madarasa yale nayajenga sasa, na milango yake naisukuma mwenyewe kwa kidole kabla ya mtu kuniuliza. Zamani niliona kazi imeisha siku ninapolipwa. Kasomeno ilinifundisha kwamba inaisha siku mwenye jengo anapofungua mlango bila kuita mtu wa kumsaidia.

Mafuta, peaje ya kwenda na kurudi, bawaba, mchomeleaji na jenereta yake, tena samaki, maana Mama Ngalula ni mfanyabiashara na samaki aliniuzia: karatasi ile ilinigharimu franga 318,500.