Boga la Shukrani

Kanisani kwetu Kakuyuni, asiye na pesa huleta alichovuna, na ibada ikiisha tunakipiga mnada. Kazi ya kunadi ni yangu. Kwanza mimi hutaja jambo ambalo mtoaji anamshukuru Mungu kwalo, kisha naanza. Jogoo wa mia saba huweza kufika elfu mbili, na aliyemnunua akamrudisha anadiwe tena.

Jumapili moja mwezi uliopita, vijana wanaosoma Biashara shuleni walikaa mbele. Mtihani ulikuwa karibu, na kwa kuwa niliwahi kuwa na duka Gede, walikuwa wameniomba niwaeleze jinsi bei inavyopatikana. Nikaona mnada ndio mfano mzuri.

Mama mmoja mjane alikuwa ameleta boga. Mwanawe alikuwa ametoka hospitali wiki hiyo, mzima. Nikaliinua boga lake.

"Hili sokoni Malindi ni shilingi ngapi?"

"Mia moja, Mzee," vijana wakajibu.

"Na msimu huu maboga ni mengi au machache?"

"Mengi!"

"Basi bei?"

"Inashuka!"

Watu wakacheka, nami nikafurahi kueleweka. Nikaongeza kwamba bidhaa ikizidi na wanunuzi ni walewale, mwenye akili halipi bei ya jana. Kisha nikaanza kunadi.

"Hamsini," akasema mtu wa nyuma.

"Sitini," mwingine akapandisha.

Nikangoja.

"Umeshatufundisha, Mzee," akanitania mzee mmoja wa rika langu. "Leo hutupati!"

Wakacheka tena. Mama yule hakucheka. Alishika pindo la leso yake, akilitazama boga mikononi mwangu kana kwamba anatafuta kasoro ambayo hakuiona shambani.

Mikono ikaanza kunilemea. Miaka yote hiyo sikuwahi kutaja bei ya soko mle ndani, wala sikuwahi kujiuliza kwa nini.

"Elfu moja," nikasema mwenyewe.

Anayenadi hanunui, sote twajua.

"Usinionee huruma, baba," mama akasema taratibu. "Sitini zatosha. Si umesema mwenyewe?"

Aliyetaja sitini akaja, akalipa, akaliweka boga kwapani. Hakulirudisha. Kijana mmoja wa mbele akaandika kitu, akakipigia mstari.

Ndipo nilipokumbuka kwamba mtoto sikuwa nimemtaja. Nikamtaja. Nikasema amepona, na kwamba Mungu ashukuriwe. Sauti yangu ilikuwa ndogo, na watu walikuwa wameshaanza kutoka.